Ukuta Niliouficha

Tuna msemo wetu tunaoupenda sana: tusigombee fito na hali nyumba tunayojenga ni moja. Utausikia kwenye mikutano ya siasa, kwenye vikao vya arusi vilivyokaribia kuvunjika, na hata kwenye timu za mitaani pale nahodha na golikipa wanapokunjana mashati. Mimi mwenyewe niliwahi kuuandika kwenye insha ya skuli nikapewa tiki nyekundu. Lakini siku ile mtu angeniuliza fito ni kitu gani hasa, inakaa wapi kwenye nyumba na inafanya kazi gani, ningebaki kutoa macho. Mtoto wa Ng'ambo, aliyezaliwa katika nyumba ya matofali, fito angeijulia wapi?

Nimekuja kuzijua kwa mikono. Nimejua pia kwamba fito, kama maneno, zinaweza kusimamisha kitu na zinaweza kuficha kitu. Hiki ndicho kisa ninachotaka kukusimulia, msomaji, ingawa nakiri mapema kwamba hakinipambi.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2009. Matokeo yalipotoka yakanitazama, nami nikayatazama, tukaachana. Nilikaa barazani miezi kadhaa nikiandika hadithi kwenye madaftari yaliyobaki na kurasa nyeupe, nikiwaambia wenzangu kwamba mimi ni mwandishi, kazi nyingine siziwezi. Ami, mdogo wake baba, seremala wa Mji Mkongwe, alinivumilia mpaka akachoka. Asubuhi moja akapita na mkoba wake wa vifaa.

"Wewe mwandishi, kalamu unayo?"

"Ninayo, Ami."

"Basi ilete. Tunataka mtu wa kupiga alama ukutani."

Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nilikaa naye zaidi ya miaka mitatu.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye chumba kimoja kirefu na chembamba, akanipa fungu la vipande vya mbao, upana inchi 2, unene inchi 1. Dukani ukizitaka unasema "mbili kwa moja". Yeye aliziita fito tu. Nilicheka, nikamwambia fito ni zile za nyumba za udongo. Akaniuliza kama nimeshawahi kuiona nyumba ya udongo ikijengwa. Sijawahi. Basi akakaa juu ya ndoo akanieleza: mjenzi anasimamisha nguzo ardhini, kisha anafunga fito za kulala kwa kamba, safu juu ya safu, nje na ndani, halafu ndipo anakandika udongo. Nyumba ikishakauka fito huzioni tena. "Lakini ukizifunga ovyo," akasema, "udongo utakutoka mbele ya wageni."

Hizi zetu nazo ni zile zile, akasema, ila sisi badala ya udongo tunakandika mbao.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini ukuta uliokwisha kusimama zaidi ya miaka mia unahitaji fito. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zina unene wa nusu mita na zaidi. Aliyezijenga hakuwa na matofali yaliyotoka kwenye kalibu moja. Alipanga jiwe kama lilivyochimbwa, akajaza chokaa na kokoto, akapaka lipu ya chokaa juu yake. Hata upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana vyumba vingi vina sura ya ushoroba. Ukisimama mlangoni unaapa ukuta umenyooka. Weka ubao mrefu juu yake ndipo utauona: hapa umetuna kama tumbo la mtu aliyeshiba pilau, pale umebonyea ngumi inaingia.

Ukuta wa namna hiyo ukiupaka chokaa unapendeza. Jicho linasamehe. Lakini mwenye nyumba akitaka jipsamu, au plaiwudi, au zile mbao za tiendiji zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, hapo msamaha umekwisha. Mbao imenyooka na inataka kulala kwenye kitu kilichonyooka. Ukiigongomea moja kwa moja kwenye ukuta wenye tumbo, itacheza kama meza ya hoteli mbovu, na viungo vitafunguka hata kabla hujalipwa.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye fito. Ami alikuwa anafunga uzi kutoka pembe hadi pembe, juu, katikati na chini, kisha anapita na futi akipima umbali kati ya uzi na ukuta. Mimi naandika kwa kalamu yangu ya uandishi: 3, 4, 2, nusu, 5. Pale penye namba ndogo kuliko zote ndipo penye nundu. "Kila ukuta una nundu yake," alisema. "Usipoijua, utaanza kazi ukiwa umeshashindwa." Fito ya kwanza inakaa juu ya nundu, imebana ukutani. Fito nyingine zote zinaletwa mbele zilingane na ile, na mwanya unaobaki nyuma unajazwa kabari.

Kabari nazo zina adabu zake. Zinakwenda mbili mbili, moja inaingia kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, zinapandana mpaka unene ukutane na uzi. Na lazima zikae pale pale skurubu inapopita. Ukiweka kabari pembeni, siku unapokaza skurubu, fito inapinda na kurudi shimoni, umefanya kazi ya bure. Ami akimaliza alikuwa anafumba jicho moja, anachungulia kwenye fito kama mtu anayelenga ndege kwa manati, halafu anaweka timazi. Timazi ikitulia na yeye anatulia.

Kuna hesabu pia. Bodi ya kawaida ina futi 4 kwa 8, na futi 4 ni inchi 48. Ukipanga fito kila inchi 16, ukipima kutoka katikati ya fito hadi katikati ya nyingine, mwisho wa bodi utaangukia nusu ya fito, na bodi inayofuata itapata nusu yake ya kushikia. Mimi mara ya kwanza nilipima kutoka ukingo hadi ukingo. Tulipoisimamisha bodi, mwisho wake ukawa unaning'inia hewani. Ami akautazama, akanitazama.

"Sasa hapa utashika wewe kwa mkono, mpaka wenyewe wahame?"

Nilizing'oa fito sita siku ile. Sijarudia kosa hilo tena.

Mengine nilijifunza polepole. Mbao za kusimama zinataka fito za kulala, na mbao za kulala zinataka fito za kusimama. Pembeni mwa mlango na dirisha ongeza fito, maana ndipo watu wanapogonga mabega. Chokaa ya zamani ni laini. Ukitoboa kwenye kiungo, fisha, yaani kile kibomba cha plastiki, itazunguka kama jino bovu, kwa hiyo itafute mpaka ulipate jiwe. Jua nyaya za umeme zinapita wapi kabla hujawasha keke. Na kabla hujafunika chochote, muulize mwenye nyumba: hapa patatundikwa nini? Saa? Kioo? Rafu ya vitabu? Ukishafunika, jipsamu tupu haibebi rafu. Fito ndiyo inayobeba, na fito haiwezi kubeba mahali isipokuwepo.

Lakini somo kubwa la Ami halikuwa na futi wala uzi. Kabla ya yote hayo, akiingia chumba kipya, alikuwa anaunyamazia ukuta. Anapita akiugonga kwa kidole kilichokunjwa, anasikiliza. Sauti nzito ni salama. Sauti ya ngoma maana yake lipu imeachana na jiwe. Kisha anachuchumaa na kupapasa chini, karibu na sakafu. Akiona unga mweupe unaochanua kama barafu ya friji, anatikisa kichwa. Ile ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya ukuta, yanabeba chumvi, yakifika usoni yanakauka na chumvi inabaki, inavimba, inasukuma lipu mpaka inaanguka vipande vipande.

Alikuwa na kipimo cha shilingi sifuri. Anachukua kipande cha nailoni, anakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne, anakiacha siku nzima. Unyevu ukitokea juu ya nailoni, upande wa chumbani, umetoka kwenye hewa, fungua madirisha. Ukitokea chini yake, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe ndio mgonjwa, na hapo Ami hafungi fito hata umpe nini. Nimeona akirudisha malipo ya awali mara mbili, mimi na njaa yangu nimesimama nyuma yake nikiumia.

"Fito zinanyoosha uso," alikuwa akisema. "Maradhi haziponyi. Ukiufunika ukuta uliolowa, umeunyima upepo. Umeuzika hai."

Hayo yote niliyajua, msomaji. Naomba uyakumbuke tunapoendelea, maana sitakuwa na pa kujificha.

Mwaka 2013 Ami alipata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu vikalala. Kazi zikanibakia mimi, nikawa naitwa fundi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na sikatai, jina lile lilinikaa vizuri. Mwezi wa Novemba nikaitwa na Mwalimu.

Mwalimu alinisomesha Kiswahili skuli. Alikuwa mtu wa kwanza kusoma hadithi yangu bila kulazimishwa. Nilimpelekea nikiwa kidato cha pili, hadithi iliyoanza kwa machweo ya jua, mawimbi, minazi na kila neno gumu nililolipata kwenye kamusi. Aliirudisha na mstari mmoja pembeni ya ukurasa wa kwanza: "Maneno mazuri. Yanaficha nini?" Nilikasirika wiki nzima. Nilijiambia yule bibi hajui fasihi.

Sasa alikuwa amestaafu, anaishi chumba na ukumbi, chini kabisa ya nyumba ya familia iliyogawanywa mafungu mafungu. Binti yake anaolewa Disemba, wageni watakuja, wengine kutoka Pemba na wengine kutoka Maskati. Alitaka chumba kipigwe tiendiji mpaka nusu ya ukuta na jipsamu juu yake. Ukuta ulikuwa na vidaka vitatu, vile vishubaka vya zamani vilivyochongwa ndani ya ukuta, alimopanga vitabu vyake. Navyo nivifunike, akasema, bibi harusi hataki mambo ya kizamani, nimtengenezee rafu.

"Lakini angalia kwanza huu ukuta, mwanangu," akaniambia. "Mimi usiku nausikia unanuka."

Alinipa shilingi laki mbili za kuanzia. Kila nilipowahi kukisimulia kisa hiki nilisema kwamba pesa ile ilikwenda kwenye dawa za Ami. Leo naandika, na kuandika ni tofauti na kusimulia. Nusu ilikwenda kwenye dawa. Nusu nyingine nilinunulia simu.

Jioni nikabandika nailoni, inchi chache juu ya sakafu. Kesho yake asubuhi nikaja mapema, Mwalimu yuko uani anakaanga mandazi. Nikainama. Chini ya nailoni, upande wa ukuta, maji yalikuwa yamekusanyika matone matone kama jasho juu ya mdomo wa mtu anayesema uongo. Nilichuchumaa pale kwa muda. Nilipiga hesabu. Kumwambia ukweli maana yake kazi haipo, arusi ina wiki tatu, laki mbili zirudi na mimi sinazo. Nilikwisha kumweleza mshikaji wangu mmoja, fundi rangi, akanicheka: "Sasa wewe daktari wa kuta? Piga bodi, chukua chako, ambaa."

Nikaibandua nailoni, nikaikunja ndogo, nikaitia mfukoni. Ilinilowesha suruali.

Mwalimu akaja na sahani ya mandazi.

"Haya fundi, ukuta umesemaje?"

"Ukuta salama, Mwalimu."

Nilifanya kazi nzuri. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilifunga uzi, nikaitafuta nundu, nikapanga fito kila inchi 16 kati kwa kati, kabari mbili mbili, timazi ikatulia. Fito nilizilaza, kwa sababu tiendiji ilikuwa inasimama. Dawa ya mchwa nilipaka, lakini haraka haraka, na ncha nilizokata kwa msumeno, pale ambapo mchwa anaanzia, sikuzipaka. Sikuacha tundu la hewa chini wala juu. Fito ile ya chini kabisa ililala juu ya ukuta uliolowa kama mtu aliyelazwa kwenye godoro la maji. Vidaka vitatu vikafunikwa. Rafu ikakaa juu yake, imeshika kwenye fito barabara, ungeweza kuinuka nayo.

Siku ya arusi watu waliingia wakaguna kwa kupendezwa. Mama mmoja alinitafuta anipe kazi ya nyumbani kwake. Nilikula biriani kwa mikono miwili.

Masika ya 2014 yakapita. Nikipishana na Mwalimu njiani namwamkia "Shikamoo" bila kusimama. Alisema siku moja kwamba chumba kinanuka zaidi ya zamani. Nikamwambia ni varnishi. Masika ya 2015 yakaja. Mwezi wa Mei mjukuu mmoja akaja mbio kuniita.

Tiendiji zilikuwa zimevimba na kusukumana mpaka zimetoka mbele, ulimi umeachana na mfereji. Jipsamu ilikuwa na mawingu meusi ya ukungu. Nilipogusa ubao wa chini, kidole kiliingia kama kwenye mkate. Nikaung'oa. Nyuma yake, juu ya fito, mchwa walikuwa wamejenga njia zao za udongo, nzuri, zimenyooka, zinafuata kazi yangu. Nimewajengea barabara. Zilipanda fito kwa fito mpaka kwenye rafu.

Mwalimu hakuwa na mali nyingine. Alikuwa na vitabu, na mabunda ya insha za wanafunzi wake tangu miaka ya themanini, zile alizoziona nzuri akaomba abaki nazo. Kwa mbele bunda lilionekana zima. Ulipoliinua, ndani lilikuwa unga na udongo. Maandishi ya watoto wa watu, wengine sasa wazee, wengine wamekufa, yameliwa kutoka nyuma.

Nitakwambia nilichofanya, kwa sababu nimeahidi sitajificha. Nilipiga magoti pale nikapekua kwa haraka, na nilichokuwa nakitafuta ni hadithi yangu. Machweo na minazi yangu. Nilitaka kujua kama aliiweka. Haikuwemo. Ndipo nilipogundua kwamba hata saa ile, katikati ya maangamizi niliyoyasababisha kwa mtu mwingine, nilikuwa najitafuta mimi.

"Ulijua?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani.

Ningeweza kusema mvua. Ningeweza kusema mchwa hawana adabu, mbao za siku hizi hazina ubora, nyumba imezeeka. Maneno yalikuwepo na yalikuwa mazuri.

"Nilijua, Mwalimu. Nilipima. Nailoni ilikuwa na maji."

Hakulia, hakunitukana. Alikaa kimya mpaka nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Basi toa yote, tuuone."

Nilikwenda kumwambia Ami. Hotuba yangu yote aliisikiliza akiwa amefumba macho. Akanyoosha mkono wake mzima, akataka mkongojo. Tuliteremka naye pole pole mpaka Mji Mkongwe, nikamwekea kiti katikati ya chumba, akaniamrisha kama askari. Ng'oa. Ng'oa. Na ile. Mpaka ukuta ukabaki uchi, na vidaka vitatu vikafumbua macho.

"Sasa toka nje ukautazame kwa nyuma," akasema. "Wewe ulitazama upande mmoja tu."

Nje, upande wa uchochoroni, tulilikuta chimbuko. Zamani mtu aliusiliba ukuta kwa saruji kutoka chini mpaka kiunoni, kwa nia njema, ili uwe imara. Bomba la mvua kutoka juu lilikuwa limekatika na kumwaga maji pale pale kwenye msingi. Chokaa inavuta maji na inayatoa. Ukuta wa chokaa unapumua. Saruji imeziba nje. Maji yakishaingia, njia ya kutokea iliyobaki ni ndani, chumbani kwa Mwalimu. Na mimi nikaja na bodi zangu nikaiziba hiyo nayo.

Tulirefusha bomba. Nilibandua saruji kwa patasi na nyundo, siku nne, na jiwe la nyuma yake lilikuwa limelowa kama tambara la deki. Kisha hatukufanya kitu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Miezi mitano ukuta ulikaa wazi, unakauka, chumvi inatoka nami naja kila Ijumaa kuipangusa kwa brashi kavu. Mwalimu alihamia ukumbini. Mzee mmoja, fundi wa chokaa, rafiki yake Ami, alinifundisha kupiga lipu ya chokaa na mchanga, tabaka jembamba, likauke, kisha jingine. Sikulipwa, na gharama zilikuwa zangu. Simu niliiuza.

Ulipokuwa tayari, nilimwambia Mwalimu kwamba sasa naweza kufunga fito upya, kwa haki, na matundu ya hewa, na dawa mpaka kwenye ncha. Alipita mkono juu ya ukuta, pale penye tumbo.

"Uache," akasema. "Kombo lake nimelizoea."

Akavipanga vitabu vilivyosalia kwenye vidaka.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafariki. Jumba lile la kifalme na chumba cha Mwalimu havilingani hata kidogo, na sisemi kwamba visa vyao ni kimoja. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nazihesabu kuta nilizozifunika maishani mwangu, moja moja, mtaa kwa mtaa, nikijiuliza kila moja niliigonga au sikuigonga.

Wenzangu mnaoandika, sina hotuba kwenu. Ila nilipozirudia hadithi zangu za zamani baada ya mambo haya, nilizikuta zimejaa tiendiji. Misamiati iliyopachikana ulimi kwa mfereji, imepigwa varnishi, inang'aa. Nyuma yake palikuwa na kitu kibichi nilichokuwa naogopa kukiona: baba aliyeondoka, njaa ya nyumbani, wivu wangu kwa waliofaulu. Mwalimu alikigonga ukurasa wa kwanza tu, akasikia sauti ya ngoma.

Bado nafunga fito. Ni kazi ya halali na naipenda, na ukuta mzima uliofungwa vizuri unamfurahisha mwenyewe miaka mingi. Ami ametangulia mbele ya haki; timazi yake ninayo mimi. Kwenye mkoba wangu, chini ya kabari, kuna utepe na vipande vya nailoni. Mteja akiniita naugonga ukuta, nabandika, naondoka. Wengine wanaudhika: fundi gani anayekuja kubandika mfuko ukutani halafu anakwenda zake?

Nawaambia nitarudi kesho, niwape majibu. Na kesho nikirudi, nambandulia mwenye nyumba ile nailoni, namwekea mkononi mwake, aishike mwenyewe.